Makobazi ya Klavdia Ignatyevna

Taisia Lvovna si mwongo. Tunakaa jengo moja, hapa nyuma ya mfereji wa Kryukov, mlango wake unatazamana na wangu, na miaka yote hii sijamsikia akidanganya isipokuwa ule uongo mdogo wa kumwambia daktari kwamba ameacha chumvi. Kwa hiyo nayaandika haya kama alivyonisimulia jikoni kwake, chai ikipoa mbele yetu bila mtu kuigusa. Palipo na kosa, kosa ni langu. Sikusoma sana, tena ni mwoga. Mara nyingine huogopa kabla hadithi haijafika penyewe.

Ilikuwa mwezi wa sita, ule wakati jua la Petersburg linaposahau kwenda kulala na watu wanatembea macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jumba la Saburin, lile la makumbusho ukingoni mwa mto Fontanka, lilikuwa limefurika wageni. Walikuwa wametoka kutazama kuba za dhahabu za kanisa la Mtakatifu Nikolai, na baada ya hapo walitaka kutazama dari za Saburin, malaika wake wanene na kuta zake zilizopakwa dhahabu. Taisia alikuwa mlinzi wa Ukumbi wa Kijani. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti na kuangalia mikono ya watu. Ukumbi wa pili, ule wa Vioo, alikaa shoga yake wa tangu ujana, Klavdia Ignatyevna.

Klavdia alikuwa na mdomo. Wageni wote huvalishwa makobazi ya sufu juu ya viatu vyao ili wasiichubue sakafu ya mbao, na makobazi yale yana kamba ambazo hakuna mgeni anayejua kuzifunga. Klavdia alikuwa akiinama mwenyewe, anamfunga mtu fundo lenye masikio mawili marefu, kama la mtoto anayepelekwa shule.

"Buruta miguu, mwanangu, usiinue," alikuwa akiwaambia. "Tiketi umelipa, sasa tusaidie kusugua sakafu."

Siku hiyo pia alisema hivyo. Taisia alimsikia kutoka ukumbi wa pili, na wageni wakacheka. Baada ya chakula cha mchana akamletea kipande cha tango na mkate, maana walizoea kula kwa zamu. Akamkuta ameketi pale pale pake, kidevu kimelala kifuani, mikono mapajani, makobazi miguuni.

"Klavdia, amka, bosi Gleb anapita," akamwambia kwa utani.

Klavdia hakuamka tena.

Sasa niseme kidogo kuhusu kiti kile, maana ndipo mambo yalipoanzia. Kiliwekwa kando ya mlango ambao si mlango. Aliyelijenga jumba alitaka pande mbili za ukumbi zifanane, basi palipokosa mlango akachonga wa uongo ukutani, una kitasa cha shaba na maua ya dhahabu, lakini nyuma yake ni matofali. Mkabala na mlango huo, ukuta mzima ni vioo, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari.

Na kila mtu kwetu anajua, hata asiyekwenda kanisani, kwamba nyumba ikifiwa vioo hufunikwa mpaka arobaini ipite. Roho inayotoka huwa bado haijaizoea njia. Ikiona kioo hudhani ni mlango. Ikishaingia humo haijui pa kutokea, na atakayejitazama kwenye kioo hicho ndiye itakayemshika mkono aionyeshe njia.

Klavdia alitolewa kwa machela. Wageni walizuiwa nje kwa muda wa kuvuta sigara mbili, kisha wakaruhusiwa kuingia. Vioo vikabaki wazi.

Taisia akapanda kwa Gleb Arkadyevich, msaidizi wa mkurugenzi. Kijana mtanashati, tai yake haikuwahi kukaa upande.

"Mama Taisia Lvovna, pole sana," akasema, macho kwenye simu. "Alikuwa mtu wetu kabisa."

"Ahsante, baba. Nimekuja kuomba vioo vifunikwe. Arobaini tu."

"Vioo?"

"Vya ukumbi aliofia."

Gleb akacheka taratibu, kama anayecheka na mtoto. "Ukumbi wa Vioo, mama, tukivifunika, wageni watakuja kuona nini? Mashuka?"

"Hata kile kimoja tu kinachotazamana na kiti chake."

"Njoo kesho tuongee."

Alikwenda kesho yake. Akaambiwa kesho. Alikwenda tena, akamkuta ana mkutano, na kupitia mwanya wa mlango akamwona yuko peke yake anakunywa chai ya limau. Ukitaka kumjua Taisia, jua kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Akaenda kwa Padri Innokenty, pale pale Mtakatifu Nikolai, baada ya misa ya asubuhi.

"Binti yangu," padri akasema, "wewe ni Mkristo. Roho haihitaji shuka. Inahitaji sala."

"Sala naomba, Baba. Shuka linadhuru nini?"

Padri akakuna ndevu. "Halidhuru."

"Basi mwambie yule kijana."

"Jumba si langu. Nitamwombea."

"Mwombee Klavdia. Gleb mwambie."

Padri akamgusa kichwa akambariki, akaingia ndani. Taisia akasimama chini ya kuba, ambayo kwa ndani ni ya samawati, na mshumaa wake mkononi, na ananiambia kwamba alikuwa na hasira hata ndani ya nyumba ya Mungu. Aliungama baadaye.

Jioni ya siku hiyo jumba lilipofungwa alishuka kama kawaida, akavaa koti, akafika mtoni. Jua lilikuwa juu bado, linawaka kwenye maji. Akapapasa mkoba. Miwani hakuna. Ameiacha kwenye kiti chake cha Ukumbi wa Kijani, na bila miwani hawezi kusoma hata zaburi anazozijua kwa moyo.

Akarudi.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Kwetu ukirudi kuchukua ulichosahau, kabla ya kutoka tena lazima ujitazame kwenye kioo. Wengine hujitolea ulimi. Usipofanya hivyo safari yako ina mkosi. Tunafundishwa hili kabla ya kufundishwa kufunga vifungo. Na kwetu pia, kioo cha palipofiwa mtu hakitazamwi. Desturi zote mbili Taisia alizijua. Lakini moja inakaa kichwani, na nyingine inakaa mwilini.

Alichukua miwani. Akavaa. Akageuka, na kupitia mlango ulio wazi wa ukumbi wa pili akajiona kwenye kioo, mdogo, amevaa koti. Mwili ukafanya ulichozoea. Akaingia humo, akajitazama vizuri. Akajitolea ulimi.

Kisha akakumbuka.

Nyuma ya mabega yake, mle kiooni, kiti kilikuwapo. Klavdia alikuwa ameketi. Kidevu kifuani, mikono mapajani.

Taisia akageuka. Ukutani palikuwa na mlango wa uongo tu. Kiti kilikuwa kimeshapelekwa stoo. Alikipeleka mwenyewe.

Akatazama tena kiooni. Hakutaka, anasema, ila shingo ilikwenda yenyewe.

Kidevu kilikuwa kimeinuka.

Na ule mlango usio mlango, mle kiooni, ulikuwa wazi kidogo.

Alishuka ngazi za marumaru akiwa ameshika ukuta. Chini, kwenye chumba cha makoti, alikuwapo Raisa, mama mnene anayetoa makobazi kwa wageni na kuyapokea.

"Umeona mzimu?" Raisa akamtania.

Taisia akamwambia alichokiona. Raisa akaacha kutafuna.

Tangu hapo akawa hana raha. Kazini ilimbidi akae vile vile, mlango wa Ukumbi wa Vioo uko wazi mbele yake, wageni wanaingia na kutoka, wanapigana picha, na katikati ya picha zao yeye anamwona Klavdia. Hakuna mwingine aliyemwona. Leo amesimama kando ya kiti. Kesho ameacha kiti. Siku nyingine yuko katikati ya ukumbi wa kiooni, wageni wa kiooni wanampita bila kumgusa, naye anageuza kichwa huku na huku. Hakuwa na uso wa kutisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyepotea, ameuliza njia kila mahali, na kila mahali ameambiwa aje baadaye. Taisia anasema uso ule aliujua. Aliuona nyumbani kwake kila asubuhi alipochana nywele.

Mlango uliokuwa wazi ulikuwa nyuma ya Klavdia. Hakuutazama hata mara moja. Alikuwa anakuja upande wa kioo.

Na ile sauti. Sufu juu ya mbao. Fshh. Fshh. Mtu anayeburuta miguu wala haiinui. Ilikuwa inasikika ukumbi ukiwa mtupu.

Taisia akarudi kwa Gleb mara nyingine. Safari hii alimwambia yote, hata la ulimi.

Gleb alimsikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akasema kwa upole, "Mama, unahitaji likizo. Umefiwa na rafiki."

"Siombi likizo. Naomba mashuka."

"Wiki hii nina wageni wa ubalozi."

"Gleb Arkadyevich, anakuja kwangu. Akifika atanichukua."

"Kesho, mama. Kesho tutaliangalia."

Jumatatu jumba halifunguliwi kwa wageni. Taisia alitoka nyumbani asubuhi na mkoba wa mashuka: ya kwake, ya kwangu matatu niliyomwazima bila kuuliza kazi yake, na yale meupe aliyoyatunza ya harusi ya binti yake. Raisa akamfungulia mlango wa uani. Alilalamika njia nzima, lakini ngazi ya mbao aliibeba yeye.

"Ukianguka sikubebi," Raisa akasema. "Mgongo wangu huu ni wa mkopo."

"Shika ngazi. Mdomo upe mapumziko."

"Na Gleb akitukuta?"

"Atatwambia tuje kesho."

Raisa akacheka, ngazi ikatikisika. Taisia akapanda akiwa amegeuzia vioo kisogo, anapapasa mapambo ya dhahabu kwa vidole, anatundika shuka, anashuka, anasogea. Hakutazama. Aliomba kwa sauti ya chini, "Pamoja na watakatifu umpumzishe, ee Bwana, roho ya mtumishi wako Klavdia," na kila alipofika kwenye jina Raisa aliitikia. Ukumbi ukaanza kupoteza mwanga wake. Shuka baada ya shuka. Mpaka la mwisho.

Kikaja kimya ambacho Taisia hakuwahi kukisikia ndani ya jumba lile.

Kisha, fshh.

Raisa akashika mkono wake.

Fshh. Fshh. Ilianzia pale chini ya kioo cha katikati, karibu kabisa na miguu yao. Lakini haikuwa inakuja. Ilikuwa inaondoka. Pole pole, kwa uzito wa bibi mwenye magoti mabovu, sauti ikavuka sakafu kuelekea ukuta wa pili, kwenye mlango wa uongo.

"Nenda, mama," Taisia akanong'ona. "Ndiyo huko. Nenda."

Fshh. Fshh. Kitasa cha shaba kilikuwa kinang'aa. Ilibaki hatua mbili, tatu.

"Hii ni nini?"

Gleb Arkadyevich alikuwa mlangoni. Amekuja kuandaa ugeni wake wa ubalozi siku ya mapumziko.

Ile sauti ikasimama.

"Tafadhali," Taisia akasema. "Dakika moja tu. Usiguse."

"Kwenye dhahabu hii? Mnatundika mashuka kwenye dhahabu hii?" Hakupaza sauti, ila masikio yalikuwa mekundu. "Nilisema kesho. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, baba. Dakika moja."

Alivuka ukumbi na viatu vyake vya ngozi, bila makobazi, tok, tok, tok, akashika shuka la katikati kwa mkono mmoja, akalivuta. Lilikuwa lile la harusi. Likaanguka lote.

Akabaki uso kwa uso na kioo. Na kwa kuwa alikuwa Gleb, na kioo kilikuwa mbele yake, aliinua mkono akaiweka tai yake sawa. Akajitazama kushoto. Akajitazama kulia.

Nyuma yao, kutoka kwenye mlango wa uongo, ile sauti iligeuka. Taisia anaapa kwamba sauti inaweza kugeuka, ukiisikia utajua.

Fshh. Fshh. Fshh.

Ikampita Taisia. Alisikia harufu ya tango.

Alipothubutu kutazama, mle kiooni mlango wa uongo ulikuwa umefungwa, ukuta mtupu kama ulivyo. Na nyuma ya bega la Gleb alikuwa amesimama Klavdia, amenyoosha mkono kama mtu anayetaka kuuliza njia kwa adabu.

"Gleb Arkadyevich," Taisia akasema. "Njoo huku. Njoo upande huu, mwanangu, usitazame."

"Kesho," akasema Gleb. "Saa tatu, ofisini, nyote wawili. Na haya mashuka yatolewe."

Akatoka. Wakamsikia akipanda ngazi kwenda ofisini kwake, juu. Tok. Tok. Tok. Na katikati ya kila tok, sauti nyingine, laini.

"Umesikia?" Taisia akauliza.

Raisa alikuwa anajipiga ishara ya msalaba tena na tena.

Taisia alimfuata. Alipanda mpaka mlangoni kwake. Akagonga.

"Gleb Arkadyevich. Una kioo humo ndani? Kigeuze kitazame ukuta."

"Nimesema kesho, mama," sauti yake ikatoka ndani, imechoka. Kitasa kikafungwa kwa ufunguo. Baada ya hapo akasikia kama anamwambia mtu mwingine, taratibu, kama anavyowaambia wageni wa heshima: "Samahani, unatafuta nini?"

Taisia aligonga mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Hakufunguliwa.

Siku ya pili walikwenda ofisini kama walivyoambiwa. Gleb hakufungua. Simu yake ilikuwa inalia ndani. Akaletwa fundi, akavunja kitasa, maana ufunguo ulikuwa kwa ndani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa komeo. Koti lilikuwa limetundikwa. Chai ilikuwa mezani, kipande cha limau kinaelea juu. Gleb hakuwamo.

Chini ya kioo kidogo cha kuchania nywele, kando ya koti, vilikuwapo viatu vyake vya ngozi, vimewekwa sambamba, ncha zinagusa ukuta. Juu ya viatu yalikuwa yamevalishwa makobazi ya sufu. Raisa anayajua makobazi yake yote, na anasema hayo hakumpa mtu. Kamba zilikuwa zimefungwa fundo lenye masikio mawili marefu.

Polisi walikuja, wakapiga picha, wakauliza. Taisia akawaeleza tangu mwanzo. Yule mkubwa wao akaandika mistari miwili, akafunga kalamu.

"Nenda kapumzike, mama," akamwambia. "Njoo kesho, utatueleza vizuri."

Vioo vilifunikwa jioni ile ile. Hakuna aliyeuliza ruhusa ni ya nani. Siku ya arobaini Padri Innokenty alikuja mwenyewe jumbani na chetezo, akasoma ibada ndani ya Ukumbi wa Vioo, wakala ngano ya asali na chapati za maji, wakafunua. Taisia alitazama, akajiona mwenyewe tu, mzee, amevaa kitambaa cheusi. Kwa Klavdia anaomba kila siku. Kwa Gleb pia, ila hajui aombe sala ya wazima au ya marehemu, na kila anapomuuliza padri, padri anakuna ndevu.

Kuna jambo moja nililiona mwenyewe, maana Taisia alinipeleka, akataka awepo mtu mwingine wa kulisema. Sakafu ya ofisi ile ni ya mbao za kawaida, kuukuu, haijaona nta tangu sijui lini. Lakini kutoka mlangoni mpaka pale viatu vilipokuwa pana michirizi minne inayong'aa kama uso wa chai, miwili na miwili, sambamba. Ndivyo mbao inavyong'aa ikisuguliwa kwa sufu na watu wawili, bega kwa bega, wanaoburuta miguu bila kuiinua. Wamejaribu kuipiga msasa. Inarudi.

Fundi alipotoa ubao wa chini ya ukuta ili abadilishe sakafu, alituita tuinamie tuone. Mbao zinaendelea kidogo chini ya ukuta, kiasi cha kiganja, kisha matofali. Na ile michirizi haikuishia ukutani. Ilipita chini yake, minne yote, inang'aa, mpaka kwenye tofali. Na tofali lenyewe lilikuwa linang'aa.